Wasifu wa Kuombea Kazi: Makosa ya Kuepuka

(Mazungumzo ya mwanachama mstaafu mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka. Yamechapwa hapa kwa ombi la wasikilizaji.)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama chetu, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zetu mnaokalia leo madawati tuliyoyaacha sisi:

Nimepewa nusu saa niseme juu ya karatasi. Si karatasi ya mtihani, maana hiyo walimu wenu wanaijua kuliko mimi. Ni ile karatasi ambayo mwombaji kazi huiambatanisha na barua yake, akieleza yeye ni nani, amesoma wapi na amefanya nini. Wengine huiita maelezo binafsi, wengine huiita wasifu, na vijana wengi huiita sivii. Mimi nitaiita wasifu. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi za utumishi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuzisoma karatasi hizo na kuzigawa mafungu mawili: wa kuitwa na wa kuachwa. Nawaambieni kweli, wengi walioachwa hawakuachwa kwa kuwa hawakuiweza kazi. Waliachwa kwa kuwa karatasi zao hazikusema kitu, au zilisema yasiyoaminika.

Ndugu Mwenyekiti, kabla ya kuyaingia makosa yenyewe, naomba niwakumbushe wenzangu wenye mvi jambo moja. Wengi wetu tulianza kazi bila kuandika wasifu wowote. Katika miaka ya 1970 na 1980, kijana aliyehitimu Chuo Kikuu alipangiwa kazi na Serikali. Na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, hata aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza akafanye kazi, ndipo aombe nafasi ya Chuo Kikuu, na mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la Chama yalitazamwa pamoja na alama zake. Maana yake ni kwamba walikuwapo watu waliokuona ukifanya kazi, na hao ndio waliokusemea.

Leo mambo ni mengine. Nafasi moja huweza kuombwa na mamia ya watu, na anayesoma maombi hayo hamjui hata mmoja wao. Hakuna wa kukusemea mlangoni ila ile karatasi. Kwa hiyo neno langu la leo ni moja tu: wasifu ni ushahidi. Jina lake ni ndugu ya neno sifa, lakini kazi yake si kujisifu. Kazi yake ni kumpa mtu asiyekujua mambo anayoweza kuyaamini, na akitaka, kuyahakikisha. Karibu kila kosa nitakalolitaja linatokana na kulisahau hilo.

Kosa la kwanza ni kuazima wasifu wa mtu mwingine. Mnajua wenyewe mambo yanavyokwenda. Kijana anasikia kazi imetangazwa, na siku ya mwisho ni kesho. Anakwenda kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Mhudumu anamwuliza jina, shule na namba ya simu, anafungua wasifu wa mteja wa jana, anafuta jina la kwanza na kuingiza la pili, anachapa, analipwa. Mwombaji anatoka na karatasi safi yenye mistari ya rangi, wala hakuisoma. Humo imeandikwa kwamba anapenda kuogelea, naye hajapata kuingia majini zaidi ya magoti. Imeandikwa kwamba lengo lake ni kufanya kazi katika taasisi yenye changamoto ili akuze kipaji chake na kuiendeleza taasisi hiyo, maneno ambayo msomaji ameshayasoma mara arobaini asubuhi ileile. Na pengine, kwa bahati mbaya, mdhamini wa mteja wa jana amebaki palepale chini ya ukurasa.

Sisemi msiende steshenari. Si kila nyumba ina kompyuta. Ninalosema ni hili: nendeni mkiwa mmekwisha kuandika kila kitu kwa mkono wenu kwenye daftari, na kazi ya steshenari iwe kuchapa tu. Kisha someni kilichochapwa kabla ya kulipa, na mpeni mtu mwingine akisome pia, kwa kuwa jicho la mwandishi hupita juu ya makosa yake mwenyewe.

Ndani ya kosa hilo mna jingine, nalo ni kupeleka wasifu uleule kila mahali. Tangazo la kazi ni kama swali la mtihani, na mwanafunzi akijibu swali lisiloulizwa hapati alama hata akijibu vizuri namna gani. Lichukue tangazo, upige mstari chini ya kila jambo wanalolitaka, halafu jiulize mbele ya kila mstari: hili nimelifanya wapi? Lililo kubwa kwao ndilo litangulie kwako. Anayetafuta dereva anataka kuona daraja la leseni na miaka uliyoendesha tangu mistari ya mwanzo, asilazimike kuyatafuta ukurasa wa tatu chini ya jina la shule ya msingi.

Kosa la pili ni kujisifu pasipo kuonyesha. "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mbunifu, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Ndugu zangu, maneno haya hata mwizi huyaandika. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sifa isiyo na tendo nyuma yake ni kujitembeza. Andika tendo, na sifa msomaji ataitoa mwenyewe.

Nitoe mfano. Mwombaji mmoja anaandika: "Nilihusika na masuala ya stoo." Msomaji hapati kitu hapo. Ulifagia? Ulihesabu? Ulipita tu mlangoni? Mwingine anaandika: "Kuanzia Januari 2022 hadi Novemba 2023 nilitunza daftari la stoo ya chakula ya shule yenye wanafunzi 600. Nilipokea na kutoa mahindi, maharage na mafuta, na kila Ijumaa nilihesabu mali mbele ya mwalimu wa zamu." Huyu wa pili hakusema popote kwamba ni mwaminifu. Lakini ukimaliza kumsoma unaona kwamba anajua kuhesabu, anajua kuandika daftari, anajua kukabidhi, na kwamba watu wazima walimwachia funguo za chakula cha watu 600 kwa karibu miaka miwili. Tena ametuonyesha pa kuuliza: shule ipo, mwalimu yupo, daftari lipo.

Viangalieni na vitenzi. "Nilihusika", "nilishiriki", "nilisaidia" ni vitenzi vya kujifichia. "Nilihesabu", "niliuza", "nilifundisha", "nilishona", "nilipeleka" ni vitenzi vya mtu aliyekuwapo. Na penye hesabu, weka hesabu: wangapi, kilo ngapi, mara ngapi kwa juma. Lakini iwe hesabu ya kweli, kwa sababu utakuja kuulizwa.

Hapa naomba niseme hasa na wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita, maana wengi wenu huniambia: "Mzee, mimi sina uzoefu wowote." Basi penye uzoefu mnaandika "hakuna", au mnapaacha wazi. Naomba neno hilo mlifute. Aliyeuza duka la mama yake kila likizo, akajua kipi kinanunuliwa kila siku na kipi hungoja mwisho wa mwezi, huyo ana uzoefu wa biashara. Aliyekuwa mtunza fedha wa kwaya au wa timu, akakusanya michango na kutoa hesabu isiyopungua, huyo ana uzoefu wa fedha. Aliyefuga kuku wa baba yake mdogo, akajua tarehe za chanjo ya mdondo na kuandika mayai ya kila siku, huyo ana uzoefu wa ufugaji. Aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo wahitimu wa kidato cha sita walirudishwa tena mwaka 2013 baada ya mpango huo kusimama tangu 1994, na ataje kikosi chake na kazi aliyopewa huko. Mtoto wa ofisa huambiwa haya na baba yake wakiwa mezani. Mtoto wa mkulima hana wa kumwambia, basi huona kwamba jasho lake lote si kitu cha kuandikwa. Ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa leo.

Kosa la tatu ni majina na tarehe zisizopatana. Hili huonekana dogo, lakini limewarudisha watu nyumbani kutoka mlangoni kwenye usaili. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la baba ni Hamisi, kwenye cheti cha kidato cha nne ni Khamis, kwenye kitambulisho jina la kati halipo kabisa, na kwenye wasifu mwombaji ameongeza jina la ukoo alilolipenda baadaye. Wewe unajua kwamba hao wote ni mtu mmoja. Msomaji hajui. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husisitiza kwamba msailiwa aje na vyeti halisi kuanzia cheti cha kuzaliwa, na kwamba ambaye majina yake yanatofautiana aje na hati ya kisheria ya kuthibitisha majina hayo. Kwa hiyo vilaze vyeti vyako vyote mezani leo, uvisome herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, anza kuishughulikia sasa kwa njia ya sheria, usingoje juma la usaili.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ni hivyohivyo. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Anayejipunguzia miaka miwili kwenye wasifu, kisha akaandika namba hiyo mstari wa chini yake, amejisuta kwa kalamu yake mwenyewe. Na kwa kuwa Mkuu wa Shule yupo hapa, nitaongeza kwamba cheti chako usikiache kabatini mwa shule miaka na miaka. Katika maombi ya utumishi wa umma hati ya matokeo peke yake haikubaliwi. Kinachotakiwa ni cheti.

Kosa la nne ni miaka iliyofichwa. Mtu anaandika kwamba alimaliza chuo mwaka 2018, na kazi ya kwanza ni 2022. Katikati kimya. Msomaji akikuta kimya hukijaza kwa mawazo yake, na mawazo ya mtu aliyechoka kusoma si mema: huenda alifukuzwa kazi mahali, huenda alikuwa kifungoni. Kumbe kijana wa watu alirudi kijijini kumwuguza mama yake, akalima ekari mbili za mpunga ili wadogo zake waendelee na shule. Andika hivyo, kwa mstari mmoja: "2018 hadi 2021: nilimwuguza mzazi na kulima mpunga kijijini." Hakuna aibu ndani yake. Mwajiri mwenye akili atasoma humo kwamba huyu ni mtu asiyekimbia mzigo. Mficha maradhi kifo humfichua, na mficha miaka hufichuliwa na swali la kwanza la usaili.

Yako na makosa madogo madogo ambayo nitayapita haraka, lakini msiyadharau. Weka namba ya simu ambayo kweli inapatikana, na anwani ya barua pepe yenye jina lako, si ile ya utani uliyoifungua ukiwa kidato cha pili. Soma masharti ya tangazo hadi nukta ya mwisho. Sekretarieti ya Ajira hupokea maombi kwa njia ya mtandao kwenye mfumo wake, kwa hiyo bahasha uliyoipeleka kwa mkono hadi Dodoma haitakusaidia. Barua ya maombi iwe na sahihi yako, na nakala za vyeti ziwe zimethibitishwa. Barua hiyo huruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Basi kama tangazo limeruhusu, kwa nini uandike Kiingereza cha kukopa, kilichojaa maneno usiyoweza kuyaeleza ukiulizwa, ukaacha lugha unayoimudu? Wala huna haja ya kujaza kabila, dini, na kama umeoa au hujaoa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mwombaji kwa mambo hayo. Nafasi hiyo itumie kueleza kazi.

Juu ya wadhamini nitasema kidogo zaidi. Matangazo mengi hutaka watu watatu wa kukuelezea. Vijana huchagua vyeo: mheshimiwa fulani, mkurugenzi fulani, ambaye hajapata kuwaona ila kwenye picha. Simu ikipigwa, mkubwa huyo husema, "Simkumbuki." Hapo umekwisha. Mchague aliyekuona ukifanya kazi, hata kama ni fundi mwashi au mwalimu wa zamu. Mwombe ruhusa kwanza, mpe nakala ya wasifu wako, na mwambie ni kazi gani unaomba.

Sasa nifikie kosa lililo kubwa kuliko yote, nalo ni uongo. Wazazi na walimu waliopo watakumbuka tarehe 28 Aprili 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alipopokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu vilikuwa vimelinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani la Taifa, na watumishi 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Fikirini idadi hiyo. Wamo waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi, waliojenga, waliosomesha, waliozeeka katika kazi wakidhani jambo lile limesahaulika. Kumbukumbu za mitihani hazisahau. Namba yako ya mtihani inakufuata mpaka kustaafu. Na kughushi hati, au kuitumia hati ya kughushi huku unajua, ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu.

Lakini si lazima uongo uwe cheti kizima. Uko uongo mdogo unaovaa nguo ya kawaida. Ulifanya mafunzo kwa vitendo miezi mitatu, ukaandika mwaka. Ulikuwa tarishi, ukaandika ofisa. Uligusa kompyuta mara mbili, ukaandika unaijua vizuri. Wasaili wanaoijua kazi yao hawabishani nawe, wanakusogezea kompyuta na kukuambia, "Tafadhali tengeneza jedwali hili." Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo wa wasifu huishia kwenye meza hiyo. Linaloumiza zaidi ni kwamba wengi wa hao walikuwa na mambo ya kweli ya kutosha. Tarishi aliyepeleka barua za ofisi tatu kwa miaka minne bila kupoteza hata moja ana habari nzuri kuliko ofisa wa kubuni.

Ndugu Mwenyekiti, neno langu la mwisho si la wanafunzi. Ni letu sisi wa zamani. Najua kila tunapokutana hapa wapo vijana na wazazi wanaotuvuta pembeni, wakitaka kimemo kwa mkurugenzi fulani, mwanafunzi mwenzetu. Na sisi hufurahi kuombwa, maana huonyesha kwamba tumekuwa watu. Nasema tuache. Kimemo humwingiza mmoja kwa kumtoa mwingine aliyestahili, na huyo aliyetolewa pengine naye ni mtoto wa shule hii, asiye na mzazi wa kutuvuta pembeni. Anayeingia kwa kimemo naye hukaa kazini miaka yote akijua kwamba kiti si chake.

Kipo kilicho bora kuliko kimemo. Kila mmoja wetu akubali kuwasoma vijana wawili au watatu kwa mwaka: wasifu wao, barua zao, herufi kwa herufi, kwa kalamu nyekundu kama walivyotusoma walimu wetu. Tuwaite wafanye kazi wakati wa likizo katika maduka yetu, mashamba yetu na karakana zetu, tuwaone kwa macho. Kisha tukiandikwa kuwa wadhamini na simu ikalia, tuseme kweli tuliyoiona, nzuri na yenye mipaka yake. Yale mapendekezo ya waajiri tuliyoyapata sisi wakati wetu yalikuwa na uzito kwa sababu yalitoka kwa mtu aliyekuona ukichimba, ukifundisha au ukihesabu. Deni hilo twaweza kulilipa kwa hawa.

Na ninyi vijana, leo jioni kabla ya kulala, chukueni daftari. Andikeni kila kazi mliyoifanya tangu mlipopata nguvu za kubeba ndoo: mahali, tarehe, hesabu, na nani aliwaona. Msiandike sifa hata moja. Mtashangaa ukurasa utakavyojaa.